Kusikia, Kuona na Kushika: Wanafunzi wa Udaktari na Njia za Kujifunza Kwao

Mswahili akitaka kueleza kwamba kijana fulani yumo katika mafunzo ya udaktari, husema kwamba "anasomea udaktari". Neno hilo lina asili yake katika kitabu. Kusoma ni kutazama maandishi na kuyatamka, kwa sauti au kimoyomoyo, na kutoka hapo maana yake imepanuka hata ikawa kupata elimu yoyote ya darasani. Kijana aliyewekwa kwa fundi seremala hujifunza useremala, na aliyepakiwa chomboni hujifunza bahari. Lakini daktari, ambaye kazi yake ni ya macho, masikio na mikono kama ya hao wawili, huambiwa kwamba ameisomea. Yaonekana lugha imekwisha kukata shauri katika jambo ambalo walimu wa udaktari wamelibishania kwa karne nyingi, yaani kama mwanafunzi wa kazi hii hujifunza vema kwa kitabu, au kwa sikio, au kwa jicho, au kwa mkono.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ubishi huo ulipata sura mpya. Zamani watu waliuliza ni njia ipi iliyo bora kwa wanafunzi wote. Sasa wakaanza kuuliza ni njia ipi impendezayo kila mwanafunzi peke yake. Katika mwaka 1992 Neil Fleming na Colleen Mills wa New Zealand walitangaza hojaji iliyokuja kujulikana kwa jina la VARK, ambayo humgawa mwanafunzi katika mafungu manne: mwenye kupenda picha na michoro, mwenye kupenda kusikiliza, mwenye kupenda kusoma na kuandika, na mwenye kupenda kutenda. Hojaji hiyo na nyingine za namna yake zimepewa wanafunzi wa udaktari katika nchi nyingi, na majibu yake yametumiwa kuwashauri walimu wabadili mafundisho. Lakini mtu akiitazama historia ya mafunzo haya ataona kwamba swali lenyewe lina kasoro. Yale yaliyoitwa mapendeleo ya wanafunzi mara nyingi yalikuwa alama ya lugha waliyofundishiwa, na ya vyombo walivyopewa, kuliko kuwa tabia ya nafsi zao.

Katika vyuo vya kale sikio ndilo lililotawala. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kitabu chake kikubwa cha Kanuni kwa nathari, lakini zaidi ya hicho alitunga urjuza ya tiba, shairi la bahari ya rajaz lenye beti zaidi ya 1,300, ili mwanafunzi apate kuihifadhi elimu kifuani. Ibn Rushd aliliandikia sherehe, na baadaye likafasiriwa kwa Kilatini na kutumiwa katika vyuo vya Ulaya. Wasomaji waliolelewa na tenzi za pwani hawatastaajabu. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858 hivi, ulitungwa kwa haja hiyo hiyo ya kumpa mwanafunzi maneno ambayo hayatamtoka akilini. Vina na mizani si pambo tu, bali ni kamba ya kufungia mzigo. Wala desturi hiyo haikufa. Mwanafunzi wa leo anayetaka kukumbuka majina ya neva 12 za kichwa hujitungia sentensi ya kipuuzi ambayo herufi za mwanzo za maneno yake humkumbusha majina hayo, naye huikariri njiani kama mtoto wa chuoni akariripo aya.

Tatizo la sikio lilikuwa kwamba lilisikia maneno tu. Katika vyuo vya Italia vya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, siku ya kupasua maiti mwalimu alikaa juu ya kiti kirefu akisoma maneno ya Galen kwa Kilatini. Chini yake kinyozi, ambaye kwa kawaida hakukijua Kilatini, alipasua kwa kisu, na mtu wa tatu alionyesha kwa fimbo kiungo kilichotajwa. Wanafunzi walisikia kitu kimoja na kuona kingine, lakini heshima ya kitabu ilikuwa kubwa mno hata jicho likasadiki sikio. Galen alikuwa amefundisha kwamba mfupa wa taya la chini la mwanadamu ni mifupa miwili, kwa kuwa elimu yake nyingi ilitoka katika miili ya wanyama. Na kwa karne nyingi watu waliokuwa na taya mbele yao hawakuthubutu kusema kuwa ni mfupa mmoja.

Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alipoanza kufundisha Padua katika mwaka 1537, aliteremka kutoka kitini akashika kisu mwenyewe, akawaita wanafunzi wakaribie. Kitabu chake cha mwaka 1543 kiliwacheka walimu wakaao juu kama ndege wapayukao mambo wasiyoyagusa. Sifa yake kwa kawaida hutolewa kwa picha nzuri za kitabu hicho. Ilifaa itolewe zaidi kwa kuwa aliunganisha kazi tatu zilizokuwa zimegawanywa kwa watu watatu, na mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa lugha, kwa kuwa ajuaye Kilatini hakushika kisu, na ashikaye kisu hakuulizwa neno. Miaka 10 na zaidi kabla ya kitabu hicho, mwaka 1527, Paracelsus alikwisha kuuchukiza mji wa Basel kwa kufundisha tiba kwa Kijerumani, lugha ya wagonjwa na ya vinyozi. Hakudumu huko hata miaka miwili.

Kule Leiden, katika karne ya 18, Herman Boerhaave alipata sifa Ulaya yote kwa kufundisha mbele ya vitanda 12 tu, 6 vya wanaume na 6 vya wanawake, na wanafunzi wake wakapeleka desturi hiyo Edinburgh na Vienna. Lakini mazungumzo ya kitandani pale yalikuwa kwa Kilatini, na mgonjwa wa Kiholanzi alilala akisikiliza watu wakijadili kifo chake kwa lugha asiyoijua.

Mageuzi makubwa yalikuwa ya Paris. Shule mpya ya afya ilipofunguliwa baada ya sheria ya Desemba 1794, Fourcroy aliyeitetea barazani alitaka mwanafunzi asome kidogo, aone mengi na atende mengi. Wengi wameyachukua maneno hayo kuwa ushindi wa jicho juu ya sikio. Sivyo yalivyokuwa mambo. Katika Paris hiyo hiyo sikio lilirudi kwa nguvu kuliko kwanza, ila sasa halikusikiliza mwalimu, lilisikiliza kifua.

Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna, alikwisha kuandika mwaka 1761 kwamba kifua kikigongwa kwa ncha za vidole hutoa sauti ya uwazi penye hewa na sauti nzito penye maji. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini Graz, na husimuliwa kwamba kijana alijifunza siri hiyo kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua kimo cha kilichomo. Kitabu chake hakikuangaliwa sana hata Corvisart alipokifasiri kwa Kifaransa mwaka 1808. Mwanafunzi wa Corvisart, René Laennec, alikutana mwaka 1816 na msichana mnene mwenye ugonjwa wa moyo, akaona haya kuweka sikio kifuani pake. Akakunja karatasi ikawa kama mwanzi, akasikia moyo kwa namna ambayo hakupata kuusikia. Kutoka hapo ikatoka stetoskopu ya mti, na kitabu cha mwaka 1819.

Yafaa kukaa kidogo juu ya kitabu hicho, kwa kuwa shida yake kubwa ilikuwa shida ya lugha. Laennec alikuwa na sauti ambazo hakuna mtu aliyezipa majina. Hakuweza kuzichora wala kuzituma kwa barua. Alifanya kama afanyavyo mtunga kamusi anapokosa kisawe: alitafuta vitu ambavyo msomaji amekwisha kuvisikia. Sauti moja ya mapafu akaifananisha na chumvi ipasukayo katika chombo cha moto. Sauti ya mgonjwa isikikayo kupitia maji ya kifua akaipa jina la Kigiriki litokanalo na mlio wa mbuzi. Kwa mikoromo ya mapafu alichukua neno la Kifaransa ambalo watu wa kawaida walilitumia kwa mkoromo wa mtu anayekata roho. Akaona kwamba neno hilo likitamkwa kitandani mgonjwa hufa moyo kabla ya kufa mwili, kwa hiyo mbele ya wagonjwa akatumia neno la Kilatini badala yake. Basi mwanafunzi wa Laennec alijifunza kwa kitabu, kwa sikio na kwa mkono kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwuliza anapenda kipi. Moyo hausikiki kwa macho, na manjano ya macho hayaonekani kwa sikio. Kitu chenyewe ndicho kilichochagua mlango wa kuingilia.

Ushahidi mkubwa zaidi watoka Misri. Katika mwaka 1827 Muhammad Ali, aliyetaka madaktari kwa ajili ya jeshi lake, aliruhusu shule ya tiba ifunguliwe Abu Zaabal karibu na Cairo, chini ya Mfaransa Antoine Clot, aliyekuja kuitwa Clot Bey. Wanafunzi wake wa kwanza walitolewa hasa katika Al-Azhar. Walikuwa vijana waliozoea kuhifadhi matini na sherehe zake, na walimu walikuwa Wazungu wasiojua Kiarabu. Kulikuwa na waliosema kwamba wanafunzi wa namna hiyo wangeweza kukariri tu, na kwamba elimu ya kuona na kushika ilikuwa mbali na maumbile yao.

Clot hakukubali kwamba ilipasa wanafunzi wangoje hata wajue Kifaransa. Somo lilitayarishwa na mwalimu katika lugha yake, likafasiriwa kwa Kiarabu na wakalimani, kisha wanafunzi wakasomewa na kuliandika. Wakalimani wenyewe iliwabidi wajifunze tiba, maana mtu hawezi kufasiri asichokielewa. Vitabu vilivyofasiriwa vilipitiwa na masheikh waliokuwa wajuzi wa Kiarabu fasaha, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Muhammad bin Umar al-Tunisi, aliyewahi kusafiri hadi Darfur na kuandika habari zake. Yeye hakuishia kusahihisha sarufi. Alikusanya istilahi za tiba katika kamusi, akiichukua kamusi ya Kifaransa kuwa msingi na kuyarudia maneno ya Ibn Sina na waandishi wengine wa kale palipokuwa na neno tayari. Watu wa istilahi za Kiswahili wanaweza kumhesabu kuwa mmoja wa wazee wao.

Kupasua maiti kulileta taabu kubwa zaidi. Kazi hiyo ilianza kwa hadhari, kwa idhini isiyotangazwa, na inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alimrukia Clot kwa kisu darasani. Lakini haikusimama. Katika mwaka 1832 Clot alichukua wanafunzi 12 hadi Paris, wakahojiwa mbele ya Chuo cha Tiba cha huko, na majibu yao yakawaridhisha wahojaji. Vijana waliohesabiwa kuwa wahifadhi tu walikuwa wamekwisha kujifunza kwa jicho na kwa mkono, kwa sababu yale waliyoyaona na kuyashika yalielezwa kwa lugha yao. Tena hapana sababu ya kudhani kwamba mazoea yao ya kuhifadhi yaliwadhuru, maana anatomia yataka kumbukumbu kuliko elimu nyingi nyingine.

Shule hiyo ilihamishiwa Qasr al-Ayni mwaka 1837. Baada ya Uingereza kuitwaa Misri mwaka 1882, lugha ya mafunzo iligeuzwa kuwa Kiingereza kabla ya karne kwisha. Damascus, kwa upande mwingine, udaktari umefundishwa kwa Kiarabu tangu mwaka 1919.

Habari za Marekani zaweza kupitwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa zimeandikwa sana. William Osler, katika shule ya Johns Hopkins iliyofunguliwa Baltimore mwaka 1893, aliwaingiza wanafunzi wodini kuwa watu wa kazi, si watazamaji, na alitaka akumbukwe kwa hilo kuliko kwa vitabu vyake. Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu wa shule, alikagua shule 155 za Marekani na Kanada, na taarifa yake ya mwaka 1910 ilitaka maabara na hospitali kwa kila shule. Shule nyingi mbovu zilikufa kwa taarifa hiyo, na ilistahili zife. Lakini kati ya shule 7 zilizokuwa zikiwafundisha Wamarekani weusi, zilibaki 2 tu, Howard na Meharry. Njia moja ya kujifunza ilipofanywa kuwa sheria, gharama yake iliangukia watu ambao hawakuwa na fedha za kununua vyombo vyake, na wagonjwa wao baada yao.

Mwaka 1969 chuo cha McMaster, Kanada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari kwa mpango mwingine tena: vikundi vidogo vilipewa tatizo la mgonjwa, na elimu ikatafutwa kwa kulitatua. Maastricht ikafuata katika miaka ya 1970, na huku Afrika ya Mashariki Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliijenga shule yake ya tiba juu ya msingi huo, kikaongeza desturi ya kuwapeleka wanafunzi vijijini.

Baada ya safari hiyo ndefu, hojaji za mapendeleo zaonekana kuwa kitu chembamba. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake walihesabu nchini Uingereza mifumo 71 ya kuwapanga wanafunzi kwa namna zao za kujifunza, na wakaona kwamba mingi haikusimama juu ya msingi imara. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walitafuta ushahidi kwamba mwanafunzi anayefundishwa kwa njia aipendayo hujifunza zaidi, wasipate ushahidi wa kutosha. Miaka 10 baadaye, katika Chuo Kikuu cha Indiana, wanafunzi wa anatomia waliojibu hojaji ya VARK walichunguzwa: wengi hawakujifunza kwa njia ambayo hojaji iliwaonyesha, na waliofanya hivyo hawakuwashinda wenzao. Si kwamba watu hawana mapendeleo. Wanayo, na huyasema kwa kweli, lakini kupenda njia si kufika.

Uchunguzi mmoja wa mwaka 2006 una ladha ya pekee kwa mtu aliyepitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa baadhi ya wanafunzi habari waisome tena na tena, na wengine waisome kisha waiandike kwa kukumbuka. Waliorudia kusoma walijiamini zaidi, lakini baada ya juma moja waliojikumbusha ndio waliokuwa na mengi vichwani. Mtoto anayefunika ubao na kusoma kwa moyo mbele ya mwalimu, naye mwalimu akimrudisha kila akosapo, amekuwa akifanya jambo la namna hiyo kwa muda mrefu, ijapokuwa mara nyingi maana ya maneno humpita.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapodai nafasi yake katika suala hili. Mtu akijaribu kuifasiri hojaji ya mafungu manne ataona kwamba lugha haikubali kukatwa hivyo. Kusikia kwa Kiswahili si kazi ya masikio peke yake: mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu, husikia maumivu. Kuona nako hupita macho, maana mtu huona haya, huona uchungu, huona kiu. Kusoma, kama ilivyokwisha kutajwa, ni kutazama maandishi na pia ni kupata elimu yote. Mwanafunzi akiulizwa kama hupenda kujifunza "kwa kusoma" anaweza kujibu ndiyo bila kuwa amesema lolote juu ya kitabu. Kasoro hii haiondolewi kwa kuchagua maneno mazuri zaidi, kwa sababu mgawanyo wenyewe umekopwa kutoka kwa lugha nyingine.

Jambo hilo lina uzito katika vyuo vyenyewe. Mulago walianza kufundisha madaktari wa Makerere katika miaka ya 1920. Dar es Salaam ilipata shule yake ya tiba mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili cha Muhimbili. Nairobi ilianza mwaka 1967. Katika vyuo hivi vyote kitabu, mhadhara na mtihani ni vya Kiingereza. Lakini mgonjwa wa Dar es Salaam ni wa Kiswahili, na mara nyingi wa Nairobi pia. Kwa hiyo mwanafunzi wa huku hupokea kwa jicho katika lugha moja na kwa sikio katika lugha nyingine, na akionekana kushikilia daftari lake na kukariri, pana haja ya kuuliza kwanza kama hilo ni pendeleo lake au ni namna ya mtu kujilinda katika lugha ya kukopa. Hojaji ya VARK haina swali juu ya lugha.

Neno kichomi latosha kuwa mfano. Mgonjwa husema, "Nasikia kichomi," naye mwanafunzi aliyekwisha kutazama kamusi hukuta maana mbili: maumivu makali ya ubavuni kama ya kuchomwa, na ugonjwa wa mapafu, nimonia. Akiandika ya kwanza ameandika malalamiko. Akiandika ya pili amekwisha kutaja ugonjwa kabla hajamgusa mtu. Kitabu chake cha Kiingereza hakitamsaidia hapo, kwa kuwa hakilijui neno. Humbidi aulize kwa Kiswahili: kinachoma wapi, tangu lini, je akivuta pumzi huzidi, je ana homa, je anakohoa, na makohozi yana rangi gani. Kisha huweka kidole juu ya mbavu na kukigonga kwa kingine, kwa njia iliyotokana na ile ya Auenbrugger, akisikiliza kama sauti ni ya uwazi au nzito. Halafu huweka stetoskopu mahali hapo hapo, akingoja mlio wa chumvi katika chombo cha moto.